Kukereza bakuli la kwanza: mti mbichi au mkavu, bobari au kabaidi, ulimi au tundu?

Anayeanza kukereza bakuli hulaumu mikono yake. Patasi ikinasa na kumponyoka, anasema hana ustadi. Bakuli likipasuka wiki mbili baada ya kumalizika, anasema mti ulikuwa mbovu. Mara nyingi tatizo lilishaingia mapema, pale alipochagua mti, chombo cha kukatia na namna ya kuufunga mti kwenye mashine. Machaguo hayo si mengi, na kila moja lina njia mbili au tatu zinazoshindana. Tumezipanga hapa ubavu kwa ubavu, kila njia na matatizo yake, kwa sababu njia isiyo na matatizo haipo. Kinachobaki ni kuamua yapi utayamudu kwanza.

Ili tuelewane: kukereza ni kuchonga mti unaozunguka kwenye mashine, na bobari ni patasi yenye mfereji uliopita katikati ya chuma chake. Mshazari ni ule uso ulionolewa kwa ulalo nyuma ya makali. Egemeo ni chuma kilicho mbele ya mti ambacho patasi hulazwa juu yake. Kishikio ni kile cha taya nne kinachofungwa kwenye mhimili wa mashine, na pande ni kipande cha mti kitakachogeuka bakuli. Kabaidi ni kitu kigumu sana kinachotengenezwa kuwa ncha ndogo ya kukatia, ya kubadilishwa.

Mti mbichi au mkavu

Mti mbichi hukatika kwa raha. Maranda hutoka marefu na laini, vumbi huwa kidogo, na makali hayaishi upesi. Kwa mtu anayejifunza kuiongoza bobari, huo ndio mti wa kujifunzia, maana nyuzi zake zimelainika na patasi iliyokosea kidogo haiadhibiwi sana.

Shida yake huja mashine ikishazimwa. Maji yaliyomo yakishuka chini ya takriban asilimia 30 ya uzito wa mti mkavu, nyuzi huanza kusinyaa, tena hazisinyai sawasawa. Kwa kufuata mzingo wa pete za gogo, mti husinyaa karibu mara mbili ya unavyosinyaa kutoka kwenye kiini kwenda kwenye ganda. Kwa urefu wa nyuzi husinyaa kidogo mno. Ndiyo maana bakuli lililokerezwa duara kamili likikauka huwa na umbo la yai. Isitoshe, maji hutoka kwa kasi zaidi kupitia vichwa vya nyuzi kuliko kupitia ubavu wake. Bakuli lina sehemu mbili zinazotazamana ambako vichwa hivyo viko wazi, nazo hukauka kabla ya nyingine na kupasuka.

Kuna namna mbili za kukabiliana na hilo, na zinatofautiana sana.

Ya kwanza ni kukereza hadi mwisho mti ukiwa bado mbichi, ukuta uwe mwembamba wa mm 5 hadi 6 kutoka mdomoni hadi kitakoni, kisha kuliacha bakuli lipinde litakavyo. Ukuta mwembamba hukauka kwa pamoja na hupinda badala ya kupasuka. Sharti lake ni unene ulio sawa: mdomo wa mm 5 juu ya kitako cha mm 20 ni ufa unaosubiri siku. Sharti la pili ni kutosimama katikati ya kazi. Ukiliacha kwenye mashine usiku kucha, asubuhi utalikuta limeshapinda na patasi itagonga mara mbili kwa kila mzunguko. Ikibidi kusimama, lifunge kwa mfuko wa plastiki pamoja na maranda yake mabichi.

Ya pili ni kukereza mara mbili. Kwanza unalitoa umbo likiwa nene, ukuta uwe sehemu moja ya kumi ya kipenyo: bakuli la sm 25 liachwe na unene wa sm 2.5 kote, kitako kikiwemo. Paka nta au rangi nzito kwenye vichwa vya nyuzi, litie kwenye mfuko wa karatasi, liweke pasipo upepo wala jua. Andika uzito na tarehe kwa penseli juu ya kitako, kisha pima tena kila baada ya wiki mbili au tatu. Uzito ukikoma kupungua, limekauka. Hiyo ni kazi ya miezi. Ndipo unalirudisha kwenye mashine kulipa umbo la mwisho. Wengi hukwama hapo kwa jambo dogo: ulimi wa kushikia, yaani kijiduara cha chini ya kitako, nao umekuwa yai, na ukiusawazisha unabaki mdogo mno kwa taya. Uache na ziada ya angalau sehemu moja ya kumi ya kipenyo tangu mwanzo.

Mti mkavu unamaliza yote siku moja, na bakuli hubaki na umbo ulilolipa. Gharama yake ni kwamba ni mgumu, hutoa vumbi jingi, hula makali, na nyuzi hung'oka kwa urahisi. Halafu kuna suala la ukavu wenyewe. Mbao ya sm 3 ni rahisi kukauka. Pande la sm 8 mara nyingi ni kavu nje tu, ndani bado maji yapo. Pande lililozungushiwa nta lichukulie kuwa bichi, maana nta ile imewekwa kuzuia lisikauke haraka. Njia ya uhakika ni mizani: lipime, liweke ndani wiki tatu, lipime tena.

Liwe bichi au kavu, kiini cha gogo kisibaki ndani ya bakuli la kwanza. Pasua gogo kwa urefu kupitia kiini chenyewe, kisha ondoa sm 1 hadi 2 kwenye kila nusu. Kata pande likiwa refu kuliko kipenyo unachotaka kwa sm chache, maana ncha za gogo lililolala huwa na nyufa ndogo zisizoonekana mpaka ufikie kati.

Anayetaka kujifunza kukata achukue mti mbichi kwa namna ile ya kwanza, bakuli la kipenyo cha sm 18 hadi 20, na akubali kwamba litapinda. Anayehitaji bakuli moja lililonyooka kwa siku maalumu achukue mkavu. Njia ya kukereza mara mbili ndiyo inayotoa mabakuli mazuri kuliko zote, ila ni ya mtu mwenye rafu ya kuyakaushia na subira ya miezi.

Bobari au chuma cha kabaidi

Mgogoro mkubwa kwa mgeni wa kazi hii ndio huu, na pande zote mbili zina hoja.

| | Bobari | Ncha ya kabaidi |
|---|---|---|
| Kinachofanyika | Hukata nyuzi, mshazari ukiwa umeegemea mti | Hukwangua, chuma kikiwa kimelala bapa |
| Kuizoea | Mabakuli kadhaa | Nusu saa |
| Makali | Kunoa mara kwa mara, hata mara kadhaa kwa bakuli moja | Unaigeuza ncha, ikiisha pande zote unaweka nyingine |
| Msasa wa kuanzia | 120 au 150 | 80 |
| Kinachoharibika | Kunasa kwa kishindo | Nyuzi kung'oka, ukuta mwembamba kutetemeka |
| Mti mbichi | Bora kabisa | Hukata, lakini huacha manyoya |

Kunasa ndiko kunakomtisha mtu akaiacha bobari, kwa hiyo tuseme kunatokeaje. Mti unazunguka ukishuka kuelekea makali. Makali yakiwa yamebebwa na mshazari ulioegemea mti, yanatoa utepe tu na hayawezi kuzama zaidi. Lakini sehemu ya makali isiyoegemea kitu, hasa bawa (makali ya ubavuni mwa mfereji) la upande wa juu, ikiugusa mti, mti unaivuta chini, chuma kinajipindua juu ya egemeo na kuchimba. Yote hutokea kabla hujawaza kuitoa. Si swali la nguvu za mkono; hakuna mkono unaoishinda mota pale.

Dawa ni mpangilio usiobadilika. Chuma kilale juu ya egemeo kwanza, kabla hakijagusa mti. Kisha gusisha kisigino cha mshazari, yaani sehemu iliyo mbali na makali: utasikia mkwaruzo laini lakini hakuna kinachokatika. Sasa inua mkono wa nyuma taratibu mpaka vumbi kidogo lianze kutoka, halafu utepe mwembamba. Hapo ndipo makali yameingia, na kuanzia hapo mkono wa nyuma ndio unaoongoza, ukiwa umebanwa kwenye nyonga. Mwili wote unasogea, mkono wa mbele unatuliza tu. Mfereji usiangalie juu moja kwa moja. Uinamishe uelekee upande unaokwenda, ili bawa la juu likae mbali na mti.

Mahali pabaya zaidi ni mdomoni unapoanza kuingia ndani ya bakuli. Mshazari hauna cha kuegemea bado, hivyo bobari hutelezea nje na kuchora mtaro ond juu ya mdomo uliokwisha kuulainisha. Laza bobari ubavu kabisa, mfereji ukitazama katikati ya bakuli, elekeza mshazari sambamba na ukuta unaotaka, bana chuma kwa kidole gumba juu ya egemeo, na uingie pole kwa mm 2 au 3. Ukishapata kijimtaro cha kuegemea, legeza kidole na uendelee.

Mwelekeo wa kukata hauna mjadala kwa bobari: nje ya bakuli unatoka kitakoni kwenda mdomoni, ndani unatoka mdomoni kwenda katikati. Kwa kufanya hivyo kila uzi unaokatwa umekingwa na mwingine nyuma yake. Ukienda kinyume, nyuzi zinanyanyuka na kung'oka, na zinang'oka mahali palepale pawili pa vichwa vya nyuzi. Ukiona viraka viwili vyenye kukwaruza vinavyotazamana, huo ndio ugonjwa, ama kwa mwelekeo mbaya ama kwa makali butu.

Kabaidi haina drama hiyo. Shika mpini sambamba na sakafu, panga egemeo ili ncha ifike kwenye usawa wa katikati ya mti, sukuma polepole. Ncha ya mraba ni ya nje, ya duara ni ya ndani; mraba ukiupeleka ndani ya mkunjo, pembe yake itauma mti na hapo utajua kwamba kabaidi nayo hunasa. Sehemu inayoonyesha udhaifu wake ni ukuta uliokwisha kuwa mwembamba: kukwangua kunasukuma ukuta, ukuta unatetemeka, na mti unaanza kulia. Hakuna dawa nzuri zaidi ya kupunguza shinikizo na kuushika ukuta kwa vidole kwa nje, upande ulio mbali na egemeo, bila kuubana.

Chombo chochote utakachochagua, angalia umbali kati ya egemeo na makali. Chuma cha unene wa mm 12 kinafanya kazi vizuri kikitokeza sm 5. Kikizidi sm 8 kinaanza kuruka. Ndani ya bakuli, geuza egemeo liingie, usinyooshe patasi.

Kwa vipimo, jihadhari na majina. Waingereza huipa bobari jina kwa upana wa mfereji, Wamarekani kwa kipenyo cha chuma chote. Bobari ya inchi tatu kwa nane ya Mwingereza ni ileile ya nusu inchi ya Mmarekani: chuma cha mm 12 au 13. Hiyo ndiyo ya kununua kwanza.

Na onyo moja lisilo na ulinganisho wowote. Seti nyingi za wanaoanza huwa na patasi pana ya mfereji iliyokusudiwa kuondoa pembe za miti myembamba mirefu, kama miguu ya meza. Inafanana na bobari kubwa, lakini mkia wake unaoingia kwenye mpini ni bapa na mwembamba. Ikinasa kwenye bakuli, mkia huo huvunjika na chuma huruka. Isiguse bakuli kamwe.

Upande wetu? Anayetaka mabakuli mawili matatu ya nyumbani, kabaidi inamtosha na msasa utamalizia. Anayekusudia kuendelea aanze na bobari, na kabaidi ya duara aiweke karibu kwa ajili ya kulainisha sehemu ya chini ya ndani, ambako kila mgeni huacha mabonde.

Kunoa kwa mkono au kwa jigi

Aliyechagua bobari amechagua pia kunoa. Makali butu ndiyo chanzo cha nusu ya malalamiko yote, kwa sababu mtu husukuma zaidi pale chombo kinapokataa kukata, na kusukuma ndiko kunakoleta kunasa.

Kunoa kwa mkono ni haraka kwa mzoefu. Kwa mgeni huzaa mshazari wenye vijisura vinne vitano, na mshazari wa namna hiyo hauegemei mti, unayumba. Jigi inayoishika bobari na kuizungusha kwenye njia moja humwondolea balaa hilo. Siri yake ni kurudia kipimo kilekile. Piga kizuizi cha mbao kwenye meza, mm 50 kutoka ukingoni, ili chuma kitokeze umbali uleule mbele ya jigi kila unapokifunga. Paka mshazari wino wa kalamu nene, zungusha jiwe la kunolea kwa mkono mara moja, angalia wino umeondoka wapi. Umeondoka kote kutoka kisigino hadi makali, uko sawa. Umeondoka kisiginoni tu, rekebisha.

Mshazari wa digrii 40 hadi 45 unatosha kwa kuta. Kwenye sakafu ya bakuli refu mshazari wa digrii hizo hauwezi kuegemea, kwa kuwa mdomo unauzuia mpini usifike, na hapo wakerezaji hutumia bobari ya pili ya digrii 60. Ndiyo sababu mojawapo ya kuanza na bakuli fupi.

Patasi za chuma cha kasi, zile zinazoandikwa HSS, zikibadilika rangi kuwa buluu kwenye jiwe hazijaharibika. Za chuma cha kaboni zikifika buluu zimepoteza ugumu wake. HSS usiichovye kwenye maji ikiwa ya moto, iache ipoe yenyewe.

Ulimi, tundu au bamba la skrubu

Bakuli likiruka kutoka kwenye mashine, karibu kila mara sababu iko hapa.

Bamba la skrubu ni sahani ya chuma inayofungwa kwenye mti kwa skrubu. Ndiyo njia imara kuliko zote kwa pande lisilo na mizani, yaani zito upande mmoja. Tumia skrubu nene za mbao zisizopungua nne, ziingie mm 25 ndani ya mti. Skrubu nyeusi za kufungia bodi za jasi zisiwepo kabisa: ni ngumu lakini hukatika vichwa zikitikiswa. Ubaya wa bamba ni matundu yake, kwa hiyo lifunge upande utakaokuwa mdomo wa bakuli, kereza nje na ulimi wa kitakoni, kisha geuza. Matundu yataondoka pamoja na maranda ya ndani. Kwa njia hiyo bamba halishindani na kishikio, linakitangulia.

Ulimi ni kijiduara kinachochomoza chini ya kitako, ambacho taya hukibana kwa kukifumba. Mambo matatu huamua kama utashika. Kwanza kipenyo: taya za mm 50 hubana vizuri zaidi ulimi wa mm 50 hadi 55, zikiwa zimekaribia kufanya duara, kwani zikifunguka sana zinashika kwa pembe zake tu. Kipimo hicho kinatosha bakuli la sm 18 au 20. Kubwa zaidi litafutie taya kubwa zaidi. Pili, urefu: mm 6 hadi 8, na usifike chini ya taya. Hapa ndipo wengi hukosea. Ulimi ukigusa sakafu ya kishikio, bega la bakuli halikai juu ya taya, na bila bega hilo ulimi unabeba mzigo wote peke yake mpaka unakatika. Acha upenyo wa mm 1 au 2 chini yake. Tatu, pembe ya ndani kati ya ulimi na bega iwe safi, bila kijimkunjo, na ubavu wa ulimi ufuate mlalo wa taya.

Tundu ni kinyume chake: unachimba kitako, taya zinaingia na kujifungua kwa nje. Faida yake ni kwamba hulazimiki kuliondoa mwishoni, linaweza kubaki kama sehemu ya kitako. Kina cha mm 4 hadi 5 kinatosha. Hasara ni kuwa taya zinasukuma mti kwa nje, na ndivyo hasa mti unavyopasuka. Mti unaozunguka tundu uwe na upana wa angalau mm 12, uwe mkavu na usio na ufa. Kwa mti mbichi au laini, tundu tuliache. Kitu kingine ambacho wengi hawakioni mapema: tundu linakula unene wa kitako kutoka chini wakati bobari inakula kutoka juu.

Kwa bakuli la kwanza, bamba kisha ulimi. Mti mbichi hunywea chini ya taya, kwa hiyo kaza kishikio tena baada ya dakika chache za kukereza, na tena kabla ya kuingia ndani. Kichwa cha nyuma cha mashine, kilicho upande wa pili wa kishikio, kiache kimelisukuma pande kwa muda wote ambao hakikuzuii. Hakikugharimu chochote na kinazuia ajali. Zungusha pande kwa mkono mzunguko mzima kabla ya kuwasha, simama kando ya njia ambayo lingerukia, vaa ngao ya uso mzima. Miwani peke yake haitoshi. Glavu usivae: zikinaswa, mkono unafuata.

Kuna na njia ya gundi, ya kubandika kipande cha mbao chini ya kitako ili kiwe ulimi wa bandia. Ni nzuri kwa pande fupi lenye thamani, ila nyuso zote mbili ziwe bapa na kavu. Gundi nyeupe ya mbao haishiki mti mbichi.

Umbo pana na fupi, au refu la kuingia ndani

Macho hupenda bakuli refu lenye mdomo uliofumba kidogo. Mkono wa mgeni unahitaji lililo wazi: kipenyo cha sm 20, kimo cha sm 6 au 7, ukuta unaopanda kwa mkunjo mmoja usiovunjika. Refu linaongeza umbali wa egemeo, linazuia mpini, na linaficha chini. Lililofumba mdomo haliwezi kukatwa na bobari ya kawaida chini ya ule mdomo. Lakini fupi nalo lina lake, sakafu pana, na sakafu pana ndipo bonde na mlima huonekana. Pitisha vidole mashine ikiwa imesimama. Vidole vinagundua kile ambacho macho hayaoni.

Kutoboa kitako kunazuilika kwa hesabu. Pande lina kimo cha mm 80, ulimi mm 8, kitako unataka mm 10: toboa kwa drili katikati kina cha mm 62 na usizidi, ukihesabu na kile kijincha cha mbele cha drili. Kereza mpaka tundu la drili litoweke, kisha acha. Bila tundu hilo mtu hukadiria kwa jicho, na jicho hudanganywa na umbo la ndani. Lenye tundu la taya badala ya ulimi, toa kina cha tundu kwenye hesabu hiyohiyo.

Kasi ifuate kipenyo. Zidisha kipenyo cha sm kwa mizunguko kwa dakika. Jibu likae kati ya 15,000 na 23,000. Bakuli la sm 20 linapata 750 hadi 1,150, la sm 25 linapata 600 hadi 900. Pande lisilo na mizani lianze chini ya 500, bila kujali hesabu, na lipandishwe mpaka mashine ianze kutikisika, kisha lishushwe kidogo. Mdomo wa bakuli la sm 25 kwa mizunguko 800 hupita mbele ya makali kwa takriban mita 10 kwa sekunde, lakini katikati kabisa mwendo ni sifuri. Ndiyo maana unapokaribia katikati lazima upunguze kasi ya mkono. Ukisukuma kwa mwendo wa mdomoni, kile kijinundu cha katikati kitang'oka na kuacha shimo.

Ukuta malizia kwa hatua, sm 2 au 3 kutoka mdomoni kwenda chini, kila hatua ikifika unene wa mwisho kabla ya inayofuata. Ukishashuka usirudi juu: mdomo umeshaanza kupinda na patasi itaugonga.

Msasa, kitako na mafuta

Hapa tofauti ni ndogo. Msasa uende kwa ngazi, 120, 180, 240, 320 (aliyetumia kabaidi aanze na 80), bila kuruka, mashine ikizunguka kwa nusu ya kasi ya kukereza na egemeo likiwa limeondolewa. Msasa ukikuunguza vidole unauunguza mti pia, na joto hilo huzaa vijinyufa kwenye vichwa vya nyuzi. Alama zilizobaki za msasa 80 haziondoki kwa 240 hata ukikesha; rudi nyuma. Barakoa ya vumbi ivaliwe kuanzia hatua hii hata kama hukuihitaji kabla.

Kuondoa ulimi, zipo taya pana zenye vizuizi vya mpira vinavyoshika mdomo, na ipo njia ya kulibana bakuli kifudifudi juu ya kipande cha mbao kilichofunikwa kwa mpira laini au ngozi, kichwa cha nyuma kikisukuma ulimi katikati. Njia ya pili haihitaji kununua kitu na hulishika hata bakuli lililopinda, jambo ambalo taya pana haziliwezi. Kinabaki kijiti cha mm 10 katikati, ambacho hukatwa kwa patasi ya mkono mashine ikiwa imezimwa. Kitako kiache kikiwa kimebonyea kidogo ili bakuli lisiyumbe mezani.

Kwa mafuta, ya kitani hukauka na kuwa gamba jepesi, ya madini hayakauki na hurudiwa kila yanapofifia. Mti uliokerezwa mbichi usipakwe chochote mpaka uzito wake utulie. Vitambaa vilivyolowa mafuta ya kitani vitandaze kimoja kimoja nje mpaka vikauke: vikiachwa vimekunjwa kwenye pipa la maranda, hujipasha moto vyenyewe na vinaweza kuwaka.